Mshumaa Umeme Ukikatika: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

"Mshumaa ni moto mdogo, hauwezi kuteketeza nyumba." Hakuna dhana inayotuponza kama hii. Mwali wa mshumaa, hata ule mwembamba wa dukani kwa Mangi, hupita nyuzi joto 1,000 za Selisiasi. Chandarua cha poliesta kikipeperushwa na upepo wa dirishani mara moja tu juu yake, kinashika, kinayeyuka na kudondokea godoro la sponji. Sponji ikiungua hutoa moshi wenye sumu, na mara nyingi aliyelala huzidiwa na moshi huo kabla moto haujamfikia. Kwa hiyo mshumaa ukae angalau futi moja mbali na pazia, nguo au karatasi, na usiingizwe kabisa kwenye chumba chenye chandarua.

"Nikiugandisha kwa nta yake kwenye kifuniko cha ndoo, hauanguki." Unaanguka. Nta ya kawaida huyeyuka kwenye nyuzi 60 hivi, kwa hiyo mshumaa ukishafupika, joto la mwali hulegeza kitako kilichoushikilia. Mshumaa ukianguka, mwali unakutana na plastiki, nayo inawaka. Juu ya televisheni ni vivyo hivyo. Tumia sahani ya bati au ya udongo, iliyo pana ya kutosha kunasa nta inayochuruzika, ama kopo fupi lililojazwa mchanga mkavu. Mchanga ndio ninaoupenda zaidi, kwa sababu hata mtoto akilisukuma kopo kidogo, mshumaa hauanguki kwa urahisi.

"Nta ikishika moto, mwagia maji." Tafadhali, usithubutu! Maji huzama chini ya nta ya moto, yanageuka mvuke ghafla na kuirusha nta inayowaka usoni na ukutani. Funika kwa mfuniko wa sufuria moto ukose hewa, kisha acha ipoe bila kufunua.

Wapo wanaodhani moshi mweusi unatokana na nta mbovu tu. Mara nyingi ni utambi mrefu au upepo. Ukate ubaki milimita 6 kabla ya kuwasha.

Na lile la "mwachie mtoto mshumaa mpaka apitiwe na usingizi": mtu mzima naye hupitiwa. Mtoto anayeogopa giza apewe taa ndogo ya sola iliyoanikwa juani mchana, na mshumaa uzimwe kabla mtu wa mwisho hajapanda kitandani.