Januari Si Msimu wa Picha

"Tungoje mvua iishe, tupige Januari jua likiwa safi." Kauli hii huanza kuingia kila Oktoba, kutoka kwa maharusi wa Nakuru, Kisumu na Bungoma, na sasa naisikia hata kwa wapiga picha wenzangu ambao kamera wanaijua vizuri. Nimechoka kuijibu kwa vipande vipande kwenye simu. Naijibu hapa kwa kirefu.

Jua safi si rafiki wa picha za wapenzi wawili porini, na hapa kwetu ndiyo kabisa. Ikweta inapita Maseno. Kisumu na Nakuru ziko kusini yake kidogo tu. Kwa hiyo jua linapofika kileleni, mwezi wowote ule, haliwi chini ya nyuzi 66 hivi kutoka upeo wa macho. Mtu wa futi sita anaangusha kivuli cha futi mbili na nusu, na hapo ni Juni au Desemba. Mwishoni mwa Machi na Septemba kivuli chake anakikanyaga. Mwanga unamwagika utosini: paji linang'aa, macho yanageuka mashimo mawili, pua inachora kivuli juu ya mdomo. Ushauri mwingi wa misimu unaosambaa mitandaoni umeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, ambako miezi ya baridi jua hukaa chini kutwa nzima na mtu anaweza kupiga picha nzuri saa sita mchana. Kule msimu hubadilisha pembe ya jua. Huku pembe ni ile ile karibu mwaka mzima. Msimu unabadilisha mawingu, vumbi na rangi ya nyasi. Uliza kwanza saa ngapi, halafu anga likoje, na mwezi uje mwisho.

Saa zenyewe ni chache kuliko watu wanavyodhani. Jua letu linazama karibu wima, nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo ile saa ya dhahabu inayosifiwa haifiki saa nzima. Kutoka jua likiwa nyuzi 10 juu ya upeo hadi litue ni dakika 40 hivi, na baada ya hapo una dakika 20 kabla giza halijashika. Tena wakati wa kutua hausimami mahali pamoja, ingawa wengi huapa kwamba jua letu hutua saa ile ile daima. Kisumu mwanzoni mwa Novemba linatua karibu saa kumi na mbili na nusu jioni. Katikati ya Februari ni saa moja kasoro dakika mbili tatu. Tofauti ni nusu saa. Ukipanga Novemba kwa saa ya Februari, mnafika pwani ya ziwa giza likiingia. Nakuru toa dakika tano, kisha toa nyingine 10 hadi 15 ukiwa bondeni, kwa sababu jua linaingia nyuma ya milima ya Mau kabla halijatua kwa mujibu wa simu yako.

Sasa wingu, maana ndilo linalonikera zaidi.

Fikiria unachopiga: gauni jeupe, suti nyeusi au ya bluu nzito, na nyuso mbili za rangi ya kahawa. Ndani ya fremu moja una kitu cheupe kuliko vyote na kitu cheusi kuliko vyote, vimekumbatiana. Chini ya jua la saa nne, upande wa uso unaopigwa na jua na upande wenye kivuli hupishana stopu tatu au zaidi, na kila stopu ni mwanga mara mbili. Ukiliokoa gauni, uso wa bwana harusi unazama. Ukiuokoa uso, gauni linakuwa karatasi nyeupe, nyuzi za lesi hazionekani tena, na lesi ndiyo bibi harusi aliyoilipia. Wingu jepesi likipita, tofauti ile inashuka hadi stopu moja hivi. Lesi inarudi, suti inaonyesha mishono, nyuso zinabaki nyuso. Hakuna fleshi wala programu ya kuhariri inayofanya kazi hiyo kwa usafi namna hiyo.

Halafu kuna ngozi. Ngozi nyeusi inaonekana umbo lake kwa mng'ao zaidi kuliko kwa kivuli. Chanzo cha mwanga kikiwa kidogo na kikali, kama jua tupu, mng'ao unakuwa vidoa vidogo vyeupe kwenye paji, puani na juu ya shavu, kana kwamba mtu ametokwa na jasho la homa. Mpambaji anaongeza poda, poda inageuka kijivu kwenye kamera, na lawama inaangukia poda. Chanzo kikiwa kikubwa, yaani anga lote lenye wingu, mng'ao unatandaa taratibu kutoka kipaji hadi shavu hadi taya, na sura inainuka. Ndiyo maana Mei au Novemba, saa tatu asubuhi chini ya wingu jeupe, unapata ngozi ambayo Januari huipati hata ukiwa na rifleka mbili, zile mbao za kurudisha mwanga usoni, na wasaidizi wawili.

Wingu nalo lina ubaya wake. Likiwa zito na sawasawa pande zote, mwanga unakosa mwelekeo na uso unakuwa bapa. Dawa ni kuuzuia upande mmoja: wasimamishe chini ya ukingo wa mti mkubwa au karibu na mwamba, anga wazi ikiwa mbele yao kwa mshazari, nao wageuze nyuso kuelekea uwazi. Hatua mbili nje ya kivuli cha mti, mwanga unatoka juu tena. Hatua mbili ndani, macho yanakufa. Angalia kidoa cha mwanga ndani ya jicho: kikiwa juu pembeni, kama saa nne au saa nane kwenye uso wa saa ukiweka saa sita juu, mko sawa. Kisipokuwepo, sogeeni.

Kisoma mwanga cha kamera ukikielekeza kwenye ngozi nyeusi peke yake, kitataka kuing'arisha iwe kijivu cha wastani. Punguza theluthi mbili ya stopu hadi stopu nzima. Piga faili za RAW, yaani picha ghafi ambazo kamera haijazichakata. Hili halihitaji maneno mengi.

Lisilo na jibu ni wawili wenye rangi za ngozi zilizoachana sana, jua likiwa nyuma yao. Vitabu husema tumia rifleka. Rifleka inawaangaza wote wawili sawa, pengo linabaki pale pale. Mimi huwageuza ili mweusi zaidi awe karibu na upande wa anga lililo wazi, na bado matokeo hayaniridhishi kila mara.

Turudi Januari. Nakuru mwezi huo na Februari ni vumbi na upepo. Barabara ya murram inayopanda Menengai, mlima wa volkeno wenye shimo kubwa kileleni, inafunika gauni kwa vumbi kabla hamjashuka garini, nyasi zimechoka zina rangi ya gunia kuukuu, na moshi wa mashamba yanayosafishwa kungoja mbegu unalifanya anga liwe jeupe badala ya bluu. Anga jeupe nyuma ya gauni jeupe, hapo umepata nini? Wanaotaka nyasi za dhahabu, dhahabu ipo, lakini ni ya majani yaliyokauka karibuni, bado yamesimama na masuke yake, siyo ya yale yaliyokwisha kukanyagwa na kuliwa na mifugo miezi miwili. Nakuru mvua ina vilele vitatu, Aprili, Agosti na Novemba. Kwa hiyo mimi hupendekeza Juni hadi mwanzo wa Julai, kisha wiki za mwanzo za Desemba: vumbi limelala, kijani bado kipo, na mawingu yanapita bila kukaa.

Menengai ina jambo lake. Mahali watu wengi husimama ni ukingo wa kusini, shimo likiwa upande wa kaskazini, kwa hiyo mkitaka shimo liwe nyuma yao, nyuso zinatazama kusini. Desemba jua liko upande wa kusini na linawaangaza. Juni liko kaskazini, mgongoni mwao, nyuso zinakuwa giza. Eneo ni lile lile na saa ni ile ile, ila picha mbili tofauti kabisa. Ukienda Juni, nenda siku ya wingu, au geuza fremu itazame magharibi kando ya ukingo. Shela ndefu iacheni garini, au mtu aishike hadi sekunde ya mwisho, kwa sababu upepo unapanda kutoka shimoni na kuirusha usoni, siyo nyuma kama mnavyoiwaza. Na hakuna picha inayohitaji mtu asimame chini ya mita tatu kutoka kwenye ukingo. Lenzi ya milimita 85 au zaidi itauvuta ukingo karibu yenyewe.

Ndani ya Hifadhi ya Ziwa Nakuru, jueni kwanza kwamba kushuka garini ni mahali palipotengwa tu, mfano Baboon Cliff. Maji yamepanda sana tangu miaka ya 2010, yakalimeza geti kuu la zamani na migunga ya ukingoni. Magogo yake makavu yamesimama majini, na asubuhi yenye ukungu ni mandhari ya ajabu. Wanaokuja kwa ajili ya heroe (flamingo) tu watavunjika moyo: maji yakiongezeka, chumvi inapungua, mwani wanaokula unapungua, nao huhamia kwingine, hasa Bogoria. Picha za kibiashara na droni zina vibali vyake. Ulizeni hifadhi mapema, si getini.

Upande wa Ziwa Victoria na Magharibi hesabu inageuka. Mchana nchi kavu inapata joto, upepo unatoka ziwani, unakutana na pepo za mashariki juu ya nyanda za Nandi, Kericho na Kakamega, na kuanzia saa nane hivi ngurumo inaanza. Asubuhi yake inakuwa safi kabisa, imeoshwa. Kakamega inapata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na bado sehemu kubwa ya asubuhi unaweza kufanya kazi. Anayekwambia Magharibi hakupigiki Aprili hadi Septemba anawaza mvua ya kutwa. Fikeni saa kumi na mbili na nusu, malizeni saa tatu na nusu.

Msitu wa Kakamega wenyewe, ndani ya miti, ni giza kuliko macho yanavyokwambia: tundu la lenzi f/2, shata 1/200 ya sekunde, na ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, inafika 1,600 hadi 3,200. Tatizo kubwa si giza bali ukijani. Mwanga umechujwa na majani na unaipa ngozi rangi ya mgonjwa, hasa chini ya kidevu na kwenye gauni. Kamera ikijichagulia rangi, kila fremu itatoka tofauti. Weka Kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga, mwenyewe, anzia 5,600, na wakati wa kuhariri sogeza kuelekea zambarau kidogo. Bora zaidi, piga kwenye uwazi au ukingo wa msitu, miti iwe mandhari tu. Kilima cha Buyangu kinakupa msitu wote chini yako alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala kwenye vilele vya miti.

Mashamba ya chai ya Nandi Hills na Kericho ni kijani mwaka mzima, kwa hiyo msimu si hoja. Ombeni ruhusa ya shamba. Tembeeni kwenye njia za wachumaji tu. Vijiti vya mchai vilivyopogolewa ni vigumu kama misumari na vinakamata lesi: mtu akivuta, uzi mmoja unatoka na mkunjo wa shubiri nzima unabaki. Inueni gauni hadi magotini wakati wa kutembea, literemsheni mkisimama. Rangi ya haradali, krimu au udongo inakaa vizuri pale. Kijani kingine juu ya kijani kinapotea.

Kisumu, kando ya ziwa: Dunga na Hippo Point. Desemba na Januari jua linatua upande wa maji, kusini-magharibi. Juni linahamia kaskazini zaidi, kuelekea nchi kavu ya Kisian na Seme. Hapo tu ndipo Januari inapata alama kwangu, ingawa ukungu wa vumbi mara nyingi hulimeza jua kabla halijagusa maji. Machweo makali zaidi huja baada ya mvua ya alasiri, mawingu yaliyobaki yakishika rangi dakika 10 baada ya jua kuzama. Msifunge mikoba mapema. Gugu maji husukumwa na upepo na linaweza kufunga ufuko wote kwa usiku mmoja, hivyo mpigie mvuvi au mtu wa pale asubuhi ya siku hiyo. Na nasema kwa uzito: msiwaingize maharusi majini miguu mitupu kwa ajili ya picha. Kuna kichocho, na kuna viboko. Mashua inatosha.

Utabiri wa simu kwa mvua za ziwa siuamini zaidi ya saa tatu mbele. Naangalia wingu upande wa Nandi saa sita mchana: likiwa limeanza kurefuka kama koliflawa, kipindi cha jioni nakiweka mashakani na wapenzi nawaambia mapema. Tangu mwanzo huweka siku ya akiba, kwa maandishi, bila malipo ya ziada.

Radi haina majadiliano. Nchi yetu ya Magharibi inapigwa sana nayo, na mwamba mtupu, mti wa peke yake na mashua ziwani ni mahali pabaya kuliko pote. Ukiona mmweko, hesabu hadi usikie ngurumo. Chini ya sekunde 30, kila mtu aingie garini na kamera ifungwe. Subirini dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho ndipo mtoke.