Tochi ya Kulinda Zizi: Namna ya Kuichagua na Kuitumia Fisi au Simba Anapokuja Usiku

Mfugaji anayekesha kulinda mifugo hahitaji tochi ya kuwindia. Anahitaji tochi itakayomwonyesha ni mnyama gani yuko nje ya boma kabla hajarusha mkuki, hajafungulia mbwa wala hajamwita jirani. Ukilielewa hilo, nusu ya tochi zilizopangwa dukani utazipita bila kuzigusa.

Marekani, ambako majimbo kadhaa yanaruhusu kuwinda koyote (mnyama wa huko wa jamii ya mbwa) usiku, mwindaji hutafuta tochi ya mwanga mwekundu au wa kijani ili mnyama asishtuke mapema. Yeye anajificha. Mlinzi wa zizi hana sababu ya kujificha. Anataka simba ajue kuwa watu wako macho, kwa hiyo mwanga wake ni mweupe na wenye nguvu. Isitoshe, sheria ya wanyamapori ya Tanzania ya mwaka 2009 inakataza kuwinda usiku na kutumia taa katika kuwinda, na Kenya ilifuta uwindaji tangu 1977. Maelezo haya ni ya ulinzi tu.

Namba za kwenye boksi

Wauzaji hutangaza lumeni. Lumeni ni jumla ya mwanga wote unaotoka kwenye taa, uende mbele au usambae pembeni. Balbu ya sebuleni inaweza kuwa na lumeni 800 na bado usione kitu hatua 40 kutoka mlangoni. Kinachofikisha mwanga mbali ni kandela, yaani ukali wa mwale pale katikati.

Tochi zinazofuata ANSI FL1, kipimo cha Marekani cha tochi, huandikwa umbali wa mwale kwa mita. Umbali huo ni pale mwanga unapofifia hadi luksi 0.25 (luksi hupima mwanga unaoangukia kitu), sawa na mbalamwezi ya mwezi mpevu. Unaweza kuuhesabu mwenyewe: tafuta kipeuo cha pili cha kandela, kisha zidisha kwa 2. Tochi ya kandela 10,000 inafika mita 200, na ya kandela 40,000 inafika mita 400. Lakini mbalamwezi haitoshi kumtenganisha fisi na mbwa wa jirani aliyesimama kwenye nyasi kavu. Kwa kuwa mwanga huongezeka mara nne kila unapopunguza umbali kwa nusu, tochi ya mita 400 inatoa luksi 1 kwenye mita 200 na luksi 4 kwenye mita 100. Ushauri wetu ni kupanga kwa robo. Ikiwa uwanda unaozunguka boma lako unataka uuone hadi mita 75, nunua tochi ya mita 300, ambayo ni kandela 22,500. Ukitaka mita 100, nunua ya mita 400. Kuzidi hapo ni kuongeza gharama na kubana mwale mno, hata ukawa unachungulia pori kupitia tundu la bomba.

Boksi likidai lumeni 100,000, fanya hesabu ndogo. LED nzuri ndani ya tochi hutoa takriban lumeni 100 kwa kila wati. Lumeni 100,000 zingehitaji wati 1,000, umeme wa pasi ya nguo, kutoka kwenye kitu unachokishika mkononi. Kwa tochi ya kawaida ya dukani haiwezekani. Mtu anayekuuzia namba hiyo anakuuzia usalama wa ng'ombe wako kwa maneno matupu, na ni haki yako kumwambia hivyo.

Muda wa kuwaka nao una mtego. Kipimo hichohicho huhesabu muda hadi mwanga unaposhuka na kubaki asilimia 10 ya ule wa mwanzo. "Saa 8" kwenye boksi inaweza kuwa dakika chache za mwanga mkali, kisha saa nyingi za mwanga hafifu. Tochi ndogo yenye lumeni 1,000 hupata moto haraka, na nyingi hujipunguza zenyewe baada ya dakika chache ili zisiungue. Huo si ubovu.

Betri

Betri ya lithiamu aina ya 18650, yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, ndiyo tunayoipendekeza, kwa sababu inachomolewa na unaweza kuweka ya akiba mfukoni. Zilizo nzuri hubeba chaji ya hadi mAh (miliampea-saa) 3,500 hivi, sawa na takriban wati-saa 12. Hizo zinatosha lumeni 1,000 kwa saa moja na kidogo, au lumeni 200 kwa karibu saa 6. Usiku wetu una saa 12 hivi, kwa hiyo betri mbili ndizo kiwango cha chini.

Betri iliyoandikwa mAh 9,900 kwa ukubwa huo ni ya bandia. Ipime kwenye mizani ya sonara: betri halisi ina gramu 45 hadi 50. Ukikuta gramu 30, ndani kuna seli ndogo iliyovalishwa ganda kubwa. Usibebe betri isiyo na kasha mfuko mmoja na funguo au sarafu. Vyuma vikigusa ncha mbili, betri inaweza kulipuka moto mapajani. Usiichaji ikiwa imeachwa juani hadi ikawa haishikiki. Paneli ya sola ya wati 5, mchana wenye jua la kutosha, inajaza betri moja ya namna hii, kwa hiyo panga siku mbili kwa betri mbili au nunua paneli ya wati 10.

Tochi za kuchaji za bei nafuu, zile zenye plagi inayochomolewa nyuma, mara nyingi zina betri ya risasi na asidi. Kinachoziua ni kuachwa bila chaji. Sahani za ndani huota chumvi ngumu, na baada ya wiki chache tochi inawaka dakika tano na kuzima. Ichaji kila asubuhi baada ya kuitumia, na kila mwezi hata kama hujaiwasha.

Kwa wanaotumia mawe ya kawaida: usichanganye mapya na ya zamani. Mapya huyasukuma yale yaliyokwisha hadi yanavuja, na majimaji hayo yanakula springi na kuacha unga mweupe au wa kijani. Ukiukuta unga huo, ufute kwa kitambaa kilicholowa siki kidogo, ukaushe, kisha ung'arishe springi kwa msasa laini.

Mwanga wa macho

Hapa ndipo watu wanapokosea hadi kuumizana.

Wanyama wawindao usiku wana tabaka nyuma ya jicho linalorudisha mwanga ulikotoka. Ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda, mbwa na paka wanalo pia. Binadamu hana, na nguruwe hana. Maana yake ni kwamba macho mawili yanayong'aa gizani hayakuambii kuwa ni fisi. Yanaweza kuwa ya ndama aliyebaki nje au mbwa wako mwenyewe anayerudi. Na kutoona macho hakukuambii kuwa hakuna kitu: mnyama anaweza kuwa amegeuza kichwa, au ni jirani aliyekuja kusaidia. Rangi ya mng'ao, kijani, njano au nyekundu, hubadilika kwa pembe ya kutazama na kwa aina ya balbu. Usiitegemee.

Kwa kuwa mwanga unarudi ulikotoka, lazima taa iwe karibu na jicho lako ndipo uone mng'ao. Tochi iliyoshikwa kiunoni inakupunguzia macho mengi yaliyo karibu. Tochi ya kichwani inayaonyesha yote. Kwa sababu hiyo mlinzi anahitaji taa mbili: ya kichwani ya lumeni 100 hadi 200, yenye mwanga uliotandazwa, ya kutembelea na kuona macho, na ya mkononi yenye mwale mrefu, ya kumulika mwili wa mnyama baada ya macho kuonekana. Kukiwa na ukungu au vumbi mambo yanageuka. Taa ya kichwani hugonga matone na kukurudishia ukuta mweupe usoni. Izime, shika tochi chini usawa wa nyonga.

Baada ya macho, tafuta mwili. Mgongo wa fisi unateremka kutoka mabegani kwenda makalioni. Simba yuko sawa mgongoni na mkia wake una kishungi. Chui mara nyingi yuko chini sana au juu ya mti, na ndiye unayepaswa kumtafuta juu ya uzio. Rangi ya mwanga ina mchango wake: mweupe wa kawaida, wa kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 4,000 hadi 5,000, hutenganisha ngozi ya simba na nyasi kavu vizuri kuliko mweupe wa samawati wa kelvini 6,500, ambao hufanya kila kitu kifanane na majivu.

Kabla ya kulipia tochi, omba kuijaribu gizani. Mtu ashike mbuzi, mwingine ashike mbwa, wasimame hatua 80 kutoka kwako bila kukuambia yupi yuko upande gani. Kama huwezi kuwatofautisha kwa umbo, bila kutumia macho yao, hiyo tochi si ya zizi.

Mwanga unaotembea

Mnyama mkali huzoea taa iliyosimama. Mwaka 2013 dunia ilimsikia Richard Turere, kijana Mmaasai aliyekulia kando ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, akieleza alichogundua akiwa mtoto anayelinda ng'ombe wa baba yake. Moto haukuwazuia simba, sanamu nayo waliizoea, lakini usiku alipozunguka na tochi hawakuja. Akaunda taa zinazowaka kwa zamu kuzunguka boma, kwa betri ya gari, paneli ya sola, kifaa cha indiketa ya pikipiki na balbu za tochi mbovu. Somo kwa mwenye tochi moja ni jepesi: usiifunge kwenye nguzo. Zunguka nayo ndani ya uzio, badilisha upande na muda, zima na uwashe.

Hali ya kumetameta iliyomo kwenye tochi nyingi haifai kwa kutambulia, kwa kuwa inakukatakata picha na kukutia kizunguzungu wewe mwenyewe. Itumie kufukuza, baada ya kujua unayemfukuza. Usimfuate mnyama nje ya boma, hata akionekana anakimbia. Simba aliyetoka kwenye mwale wako hajaondoka. Ametoka tu kwenye mwanga.

Uzio ndio ulinzi, na taa ni msaidizi wake. Wilayani Simanjiro, Tanzania, wafugaji wamepanda miti ya komifora na kuifunga wavu wa chuma ikawa uzio hai unaozidi kuimarika kila mwaka. Fedha ikitosha kimoja tu, anza na uzio.

Usiku wa hatari zaidi

Utafiti wa Craig Packer na wenzake kuhusu watu walioshambuliwa na simba kusini-mashariki mwa Tanzania, uliochapishwa 2011, ulionyesha kwamba mashambulizi mengi yalitokea kati ya magharibi na saa nne usiku, na zaidi katika siku kumi zinazofuata mwezi mpevu. Sababu ni kwamba mwezi huchelewa kuchomoza kwa takriban dakika 50 kila siku. Siku ya tatu baada ya mwezi mpevu, kuna zaidi ya saa mbili za giza totoro watu wakiwa bado wanakula, wanaoga au wanaenda dungu kulinda mazao dhidi ya nguruwe pori. Siku hizo kumi zitie alama kwenye kalenda. Betri zijazwe kabla ya jua kuzama, na mtoto asitumwe nje bila mtu mzima mwenye taa ya kichwani.

Ukishakesha, linda macho yako. Yanachukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na mmuliko mmoja wa tochi ya mwenzako unayarudisha mwanzo. Ndani ya boma, unapohesabu ndama au kufunga mlango, mwanga mwekundu hafifu wa taa ya kichwani unatosha.

Matunzo na taarifa

Kwa msimu wa mvua nunua tochi yenye alama ya IPX7, inayovumilia kuzama mita moja kwa dakika 30. Maji huingia kupitia mpira wa duara ulio kwenye nyuzi za kifuniko. Mara mbili kwa mwaka ufute, uupake grisi ya silikoni kidogo, na uubadilishe ukianza kupasuka. Mafuta ya kujipaka yasitumike, kwa sababu huvimbisha baadhi ya mipira hiyo.

Mnyama akiua mfugo, usitege sumu kwenye mzoga. Sumu huua tai, mbwa na wakati mwingine watu. Mkimuua kwa kujihami, toeni taarifa mara moja, maana mzoga na viungo vyake ni nyara za Serikali. Nchini Tanzania, kwa mifugo na mazao Serikali ina malipo yaitwayo kifuta jasho, na kwa mtu aliyejeruhiwa au kufa kuna kifuta machozi. Vyote vinaanza kwa afisa mtendaji wa kijiji na afisa wanyamapori wa wilaya, na vinahitaji ushahidi.

Ushahidi huo upatikane usiku uleule. Laza tochi ya mkononi ardhini, pembeni ya unyayo, ili kivuli kijaze mashimo yake. Ukimulika kutoka juu unyayo hupotea. Kucha zikionekana mbele ya vidole vinne, na unyayo wa mguu wa mbele ni mkubwa kuliko wa nyuma, huenda ni fisi, ingawa mbwa naye huacha alama kama hizo. Zisipoonekana kucha, na nyuma ya kisigino kuna mikunjo mitatu ya duara, ni jamii ya paka, na ukubwa utakuambia kama ni simba au chui. Weka kiberiti kando kuonyesha kipimo, piga picha, kisha funika unyayo mmoja mzuri kwa beseni na uweke jiwe juu, kabla ng'ombe hawajafunguliwa asubuhi na kuukanyaga.