Ankara Hulala Wapi Kabla ya Kulipwa

Meneja akiniambia kwamba wahasibu wake ni wazembe kwa sababu wauzaji hawalipwi kwa wakati, sianzi na wahasibu. Naomba ankara 30 zilizolipwa mwezi uliopita pamoja na vocha zake za malipo, kisha kwenye kila moja naandika tarehe: ilipofika mapokezi, ilipoingizwa kwenye mfumo, ilipopelekwa kwa idara iliyoagiza, iliporudi, vocha ilipoandikwa, saini ya kwanza, saini ya pili. Halafu nahesabu siku za kazi kati ya kituo na kituo. Kama mmekubaliana na mwuzaji kumlipa baada ya siku 30, hesabu iishie pale vocha ilipokuwa tayari. Kungoja tarehe ya malipo si kosa la mtu.

Utaona kwamba kazi yenyewe, yaani kusoma, kulinganisha, kuingiza na kutia saini, ni ya dakika. Siku zote zilizobaki ankara ilikuwa imelala kwenye trei, kwenye begi la mtarishi au kwenye barua pepe ambayo hakuna aliyeifungua. Ukimhimiza mhasibu aingize haraka, unapunguza dakika na siku zinabaki pale pale.

Hata kama tarehe hazikuandikwa, ipo hesabu ya kukusaidia. Mmarekani John Little aliithibitisha mwaka 1961: idadi ya vitu vilivyo kwenye foleni ni sawa na vinavyoingia kwa siku, mara muda ambao kila kimoja hukaa. Ofisi inayopokea ankara 15 kwa siku na yenye 180 ambazo hazijakamilika inakaa na kila ankara wastani wa siku 12 za kazi. Hesabu rundo kila Jumatatu asubuhi kwa wiki nne. Likiwa linakua, hakuna mkutano utakaolimaliza mpaka ujue limekwama kituo gani.

Mara nyingi limekwama kati ya idara ya fedha na waliopokea mzigo. Chukua kampuni ya Nairobi yenye ofisi kuu Upper Hill na ghala Industrial Area. Lori linaingia, mlinzi anaandika nambari ya gari, karani wa stoo anahesabu katoni na kutia saini hati ya kupokelea mali. Nakala moja inaondoka na dereva, nyingine inabaki imekunjwa ndani ya kitabu cha stoo mpaka mtarishi apite Ijumaa. Ankara nayo ilifika Upper Hill kwa barua pepe tangu Jumanne. Mhasibu hana cha kuilinganisha nacho, anaiweka kando. Wiki ya pili mwuzaji anapiga simu, mhasibu anampigia karani, karani anaanza kupekua vitabu, na watu watatu wameacha kazi zao kwa ajili ya karatasi moja.

Hati hiyo ipigwe picha pale pale stoo kabla lori halijatoka, itumwe kwenye anwani moja ya barua pepe ya idara ya fedha, nambari ya LPO, yaani hati ya kuagizia mali, ikiwa kwenye kichwa cha ujumbe. Isitumwe kwa WhatsApp ya mhasibu, maana akienda likizo picha zinaenda naye. Na karani aandike idadi aliyopokea kwa tarakimu. Alama ya vema haisemi kama ni katoni 40 au 38, na hizo mbili zilizopungua ndizo zitakazosimamisha malipo yote. Zikipungua, lipa kilichofika na mwuzaji arekebishe ankara yake. Kwenye bei, mpe mhasibu ruhusa ya kupitisha tofauti ndogo mwenyewe, kwa mfano asilimia 1 ya LPO au shilingi 500, iliyo ndogo kati ya hizo mbili. Bila ruhusa hiyo, tofauti ya shilingi 40 itazunguka ofisi tatu.

Kituo cha pili cha kukazia macho ni mlangoni. Ankara mbovu ikishapokelewa, inasafiri mpaka kwa mtu wa mwisho ndipo inagundulika, na kuirudisha ni kuanza upya. Anayepokea akague mambo manne tu: nambari ya LPO ipo, PIN (nambari ya mlipa kodi) ya kampuni yetu ni sahihi, jumla inalingana na LPO ukiacha ile tofauti ndogo iliyoruhusiwa, na ankara ni ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato Kenya (KRA). Ikikosa moja, irudishwe siku hiyo hiyo pamoja na sababu.

Hilo la eTIMS lina uzito wa pesa. Tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliwi na KRA kupunguza faida inayotozwa kodi, isipokuwa chache kama mishahara na bidhaa zinazoagizwa kutoka nje. Huduma ya shilingi 500,000 ikikataliwa, kwa kodi ya kampuni ya asilimia 30 umeongezewa mzigo wa shilingi 150,000. Juu yake kuna VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya 80,000, ambayo usipoidai ndani ya miezi sita haki hiyo inapotea. Ankara iliyolala kwenye droo inaweza kupitwa na muda huo bila mtu kujua. Fundi au mwuzaji mdogo akisema hana kompyuta, mwelekeze *222# kwenye simu yake. Na tangu mwisho wa 2024 sheria inamtambua mnunuzi anayetoa ankara kwa niaba ya mwuzaji ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi shilingi milioni 5, kwa hivyo mama anayewapikia chai ya mikutano si lazima apoteze kazi hiyo.

Saini nazo. Kila saini ya ziada ni trei ya ziada, na mimi humuuliza kila mtia saini swali moja: katika miezi sita iliyopita umekataa vocha ngapi, na kwa nini? Aliyekataa sifuri hakagui, anapitisha. Mwondoe kwenye njia, umpe orodha ya malipo mwisho wa mwezi. Idhini ya kweli itolewe wakati wa LPO, kabla kampuni haijajifunga kulipa. Mzigo ukifika sawasawa na bei ikiwa ile ile, kuomba idhini tena wakati wa kulipa ni kurudia kazi iliyokwisha. Watia saini wa benki wawe na saa maalumu, tuseme Jumanne na Alhamisi saa tatu asubuhi, na naibu awe tayari ameandikishwa benki kabla mwenyewe hajasafiri.

Usipunguze udhibiti pale ambapo udhibiti wenyewe unasaidia kweli. Anayeagiza asiwe ndiye anayepokea, na anayelipa asiwe ndiye anayebadilisha akaunti ya mwuzaji kwenye mfumo. Barua pepe ikisema akaunti imebadilika, piga simu kwa nambari iliyokuwa kwenye faili tangu zamani. Ile iliyoandikwa kwenye barua hiyo usiipigie. Dakika tano hizo sizipunguzi kwa mteja yeyote.

Kosa jingine la mara kwa mara liko kwenye kodi ya zuio, ile ambayo mlipaji anaikata kwenye malipo na kuipeleka KRA. Mshauri akidai 200,000 na VAT ya 32,000, asilimia 5 inakatwa kwenye 200,000, yaani 10,000. Ofisi nyingine zinakata kwenye 232,000 na kupata 11,600, halafu zinakaa wiki mbili zikibishana na mshauri. Ikishakatwa iwasilishwe ndani ya siku 5 za kazi, kwa hivyo siku ya kulipa wauzaji iwe ndiyo pia siku ya kuandaa malipo ya KRA.

Sasa dharura. Ombi la kwanza la kuruka foleni linaonekana halina madhara. Lakini zilizorukwa zinachelewa, wenyewe wanaanza kupiga simu, nao wanarukishwa, na mwishowe analipwa anayepiga kelele. Weka rejista ya dharura yenye safu tatu: aliyeomba, sababu, aliyeidhinisha. Ukiisoma mwisho wa mwezi utakuta idara zile zile, kwa sababu zile zile: kodi ya pango, intaneti, mafuta ya jenereta. Hayo yana tarehe zinazojulikana, yahamishie kwenye kalenda ya malipo. Kalenda hiyo iziachie nafasi siku za kabla ya tarehe 9, PAYE (kodi ya mishahara) inapowasilishwa, na kabla ya 20, ya VAT, maana mhasibu ni yule yule.

Programu ya kusimamia ankara nunua baada ya hayo yote. Ukiileta mapema itakuonyesha kwenye skrini foleni ile ile iliyokuwa kwenye trei. Na anayeiuza asikuonyeshe mfano wake mwenyewe. Mpe zile ankara 30 za mwezi uliopita, zikiwemo iliyopungua katoni mbili, isiyo na LPO na iliyokosewa PIN, umwombe azipitishe zote mbele ya mhasibu na karani wa stoo.