Inchi za laptopu: zinapima nini, na wewe uchukue ngapi

Nilikuwa dukani mjini Dodoma, si mbali na soko la Majengo, natafuta chaja. Pembeni yangu mama mmoja fundi cherehani, futi yake bado inaning'inia shingoni, alikuwa anamnunulia binti yake laptopu ya kuanzia chuo. Muuzaji kamwambia hii ni ya inchi 15.6. Mama hakubishana. Alivua futi, akailaza juu ya kioo kutoka kushoto kwenda kulia, akasoma.

"Kumi na tatu na nusu. Mwanangu, hizo mbili zingine ziko wapi?"

Kijana akacheka, akaishika ile futi, akaivuta kutoka kona ya chini kushoto hadi kona ya juu kulia. Kumi na tano na nusu na ushee. Mama akaitazama kidogo, akasema, "Kumbe mnapima kwa mshazari. Mimi nikimpimia mtu gauni hivyo, ananipeleka polisi."

Alikuwa amegusa penyewe. Inchi za laptopu ni urefu wa mstari wa mshazari wa kioo, kona hadi kona, na ni ile sehemu inayowaka tu, fremu haihesabiwi. Inchi moja ni sentimita 2.54, kwa hiyo 15.6 ni karibu sentimita 39.6 za mshazari, lakini upana wa kioo hicho ni sentimita 34.5 na kimo chake 19.4. Desturi hii tumeirithi kutoka kwenye televisheni. Mirija ya televisheni za zamani ilikuwa na uso wa duara, ikipimwa kwa kipenyo. Nyuso zilipogeuka kuwa za pembe nne, wakaendelea kupima kona hadi kona. Wauzaji hawakuona sababu ya kubadilisha, maana ndani ya umbo la pembe nne hakuna mstari mrefu kuliko huo.

Ukitaka picha ya haraka kichwani, chukua karatasi ya A4 uilaze. Ina sentimita 29.7 kwa 21, na mshazari wake ni inchi 14.3. Kioo cha inchi 14 basi ni kama A4 iliyolazwa, ikapunguzwa kidogo juu na kuongezwa kidogo pembeni. Mji wetu huu wa maofisi hauna uhaba wa A4, kwa hiyo kipimo unacho mezani tayari.

Sasa, mshazari peke yake hausemi kioo kina umbo gani. Vioo vingi vya miaka ya nyuma vina uwiano wa 16 kwa 9, yaani vipana na vifupi kama televisheni. Vya inchi 14 vya namna hiyo vina upana wa sentimita 31 na kimo 17.4. Laptopu nyingi mpya zimehamia 16 kwa 10: inchi ni zilezile 14, upana umepungua hadi 30.2 na kimo kimepanda hadi 18.8. Sentimita moja na nusu ya kimo inaonekana si kitu mpaka siku unasoma ripoti ya kurasa 80. Filamu inataka upana, maandishi yanataka kimo. Anayeandika na kusoma kuliko kutazama, mimi namwambia achukue 16 kwa 10 akiipata.

Kosa ninaloliona kila wiki ni la mtu kudhani kwamba inchi zikiwa nyingi basi na mambo mengi yataonekana kwenye kioo. Hapana. Kinachoamua ni mambo mangapi yanaenea ni pikseli, zile nukta ndogo zinazochora picha. Laptopu za mtumba zilizojaa madukani, zile zilizotoka maofisini Ulaya, nyingi zina pikseli 1366 kwa 768. Hiyo ni nukta milioni moja na kidogo. Kioo cha 1920 kwa 1080 kina milioni mbili na ushee. Weka laptopu ya inchi 15.6 yenye 768 kando ya ya inchi 14 yenye 1080, fungua jedwali lilelile la Excel kwenye zote mbili, zote zikiwa kwenye asilimia 100. Ile ndogo itaonyesha safu na mistari mingi zaidi. Ile kubwa itakuonyesha herufi kubwa, na ukiisogelea utaona kingo za herufi zimechakaa kama rangi ya ukuta wa zamani.

Lakini hapo pana mtego wa pili, na huu unawakamata waliokwisha vuka miaka arobaini. Kioo kidogo chenye pikseli nyingi kinafanya maandishi kuwa madogo mno, kwa hiyo unaingia kwenye mipangilio ya Windows na kuyakuza hadi asilimia 125 au 150. Ukikuza kioo cha 1920 kwa 1080 hadi 150, nafasi ya kazi inayobaki ni sawa na ya kioo cha 1280 kwa 720. Maandishi ni safi kama yaliyochapwa, ndiyo, ila nafasi uliyoinunua umeirudisha dukani. Hapa ndipo inchi zinapoanza kuwa na maana ya kweli. Kutoka 14 hadi 15.6, kwa pikseli zilezile, kila herufi inakua kwa asilimia 11 bila wewe kugusa chochote, na eneo lote la kioo linaongezeka kwa karibu robo. Kwa macho yaliyochoka hiyo ndiyo tofauti ya kukuza na kutokukuza. Kwa kijana wa miaka ishirini ni mzigo wa bure.

Na mzigo nimeujua. Laptopu yangu ya kwanza ilikuwa ya inchi 17.3. Nilijiambia nanunua kitu kikubwa mara moja yaishe. Chaja yake ilikuwa kama tofali, na mashine yenyewe ilikaribia kilo tatu. Begi langu la mgongoni liliimeza kwa shida, zipu ikawa inagoma robo ya mwisho, na vumbi la Dodoma likipata ule upepo wa Agosti halihitaji mwanya mkubwa kuliko huo. Baada ya miezi michache vitufe vikaanza kulia kama vimewekewa mchanga, na kwa kweli vilikuwa vimewekewa. Kiswahili rasmi kinaiita mashine hii kompyuta mpakato, kwa kitenzi kilekile cha kumpakata mtoto. Ile haikupakatika. Ukiiweka mapajani magoti yanakutana na kingo zake pande zote mbili kama umebeba sinia.

Kwa makadirio ya kawaida, laptopu ya inchi 13 au 13.3 ina uzito wa kilo 1.2 hadi 1.4, ya 14 inakaa kati ya 1.4 na 1.7, ya 15.6 ni 1.7 hadi 2.2, za 17.3 nyingi zinazidi kilo mbili. Ongeza chaja, gramu mia tatu hadi mia tano, kwa sababu umeme ukikatika na ukirudi unataka uwe nayo. Nusu kilo ukiishika dukani haina maana. Ina maana mwanafunzi wa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, anapotoka Ng'ong'ona saa saba mchana, jua la utosi, vitabu viwili mgongoni na maji lita moja na nusu. Ina maana pia kwa anayekwenda Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, kilomita kama 17 kutoka mjini, amesimama kwenye daladala na begi ameliweka kifuani ili asimsumbue aliye nyuma.

Basi la mkoani lina kipimo chake. Kilichonisumbua humo siku zote ni kiti cha mbele, upana wa kioo haujawahi kuwa shida. Aliye mbele yako akilaza kiti, kioo kirefu kinagota kwenye mgongo wa kiti na hakifunguki vya kutosha. Unabaki unasoma umeinamisha kichwa kama unachungulia kisima. Mbaya zaidi akikilaza ghafla wakati ukingo wa juu umenasa, kioo kinaweza kupasuka. Ya 13 au 14 inapona mahali ambapo ya 15.6 haiponi.

Kuhusu starehe ya shingo, nisiwadanganye: inchi hazisaidii kiasi watu wanachofikiri. Macho yanataka kioo kiwe umbali wa sentimita 50 hadi 70, ukingo wa juu uwe usawa wa macho au chini kidogo. Laptopu yoyote ikikaa mezani, ukingo wake wa juu uko chini sana, na tofauti ya kimo kati ya 14 na 15.6 ni sentimita mbili tu. Shingo haizijui hizo mbili. Kinachoisaidia ni kuinyanyua laptopu juu ya vitabu vitatu vinene na kuchomeka kibodi ya pembeni na kipanya. Ndiyo maana mtu anayekaa meza moja siku nzima ofisini halafu jioni anarudi na mashine nyumbani, ushauri wangu kwake ni mashine ndogo ya kubeba na monita ya inchi 22 au 24 inayobaki mezani. Kila kimoja kinafanya kazi yake. Kutafuta inchi 17 zifanye kazi zote mbili ni kutafuta gari la kubebea mchanga litakalokupeleka pia harusini.

Wahasibu nawaweka pembeni. Laptopu za 15.6 mara nyingi zina kile kipande cha namba upande wa kulia wa kibodi. Za 14 karibu zote hazina. Mtu anayeingiza tarakimu kutwa nzima, kipande hicho ni riziki. Asiyeingiza tarakimu atagundua kwamba kimeisukuma kibodi ya herufi upande wa kushoto, kwa hiyo unaandika mikono ikiwa kushoto na macho yakiwa katikati ya kioo, mwili umejikunja kidogo muda wote. Wengine hawaoni shida. Mimi naiona.

Jua nalo ni la kuulizia, hasa hapa kwetu ambako mwanga wa dirishani unaingia kama umetumwa. Kioo kinachong'aa kitakuonyesha sura yako mwenyewe. Kisichong'aa kinautawanya mwanga badala ya kuurudisha moja kwa moja machoni. Mwangaza unapimwa kwa niti. Laptopu nyingi za bei ya kawaida zina kama 250, zinatosha ndani ya chumba. Ukipenda kufanya kazi barazani, tafuta 300 kwenda juu, na hapo inchi hazihusiki kabisa.

Kuna suala la matundu. Mashine zikiwa nyembamba na ndogo, mara nyingi tundu la HDMI, la kuunganishia projekta au televisheni, linaachwa, na la kebo ya mtandao pia. Ukiwa mtu wa kuwasilisha mada kwenye kumbi, angalia ubavuni kabla ya kulipa, au nunua adapta papo hapo uiweke kwenye begi isitoke.

Kwa mtumba, namba ya modeli inakwambia ukubwa kabla hata hujaiwasha. HP EliteBook 820 ni inchi 12.5, 840 ni 14, 850 ni 15.6. Kwenye Dell Latitude tazama tarakimu ya pili: 7290 ni 12.5, 7390 ni 13.3, 7490 ni 14, na 5590 ni 15.6. ThinkPad X280 ni 12.5, T480 ni 14, T580 ni 15.6. Muuzaji akikwambia 7490 ni "kumi na tano hiyo, bosi", unajua pa kuanzia mazungumzo ya bei.

Ila namba hiyo ni ya kioo, si ya mwili. EliteBook 840 G3 na 840 G7 zote ni inchi 14, lakini ya kwanza ina upana wa karibu sentimita 34 na ya pili 32, kwa sababu fremu imepunguzwa. Laptopu mpya ya 14 inaweza kuingia kwenye mfuko ambao ya zamani ya 14 iliukataa. Mabegi nayo yanauzwa kwa inchi za kioo, kwa hiyo nenda dukani na mashine yenyewe, au pima mwili wake kwa futi, upana na kina, uende na hizo sentimita mkononi.

Pikseli usizisome kwenye kikaratasi kilichobandikwa. Washa mashine, bofya kulia mahali patupu kwenye kioo, ingia kwenye mipangilio ya onyesho, tazama namba mbili. Zikiwa 1366 kwa 768, bei ishuke. Kisha fungua ukurasa wenye maandishi mengi, rudi nyuma urefu wa mkono, usome mistari kumi bila kukunja uso. Ukiukunja, jaribu ya ukubwa unaofuata.

Mama wa futi alimchukulia binti yake ya 14. Muuzaji alijaribu kumrudisha kwenye ya 15.6, kwamba tofauti ya bei ni ndogo. Mama akazinyanyua zote mbili kwa wakati mmoja, moja kila mkono, kama mtu anayepima mafungu ya nyanya, akairudisha ile kubwa kwenye kaunta.