Ukanda wa ukuaji wa karibu, na mtoto anayenyamaza Kidato cha Kwanza

Mtoto aliyemaliza darasa la saba katika shule ya serikali Tanzania ukimuuliza mmea unapata wapi chakula, atakueleza habari za jua, maji na hewa ya ukaa, na neno usanisinuru litamtoka bila kikwazo. Miezi michache baadaye, akiwa Kidato cha Kwanza, anaulizwa jambo lilelile kwa Kiingereza, naye anainamisha kichwa. Mwalimu anaandika kwamba hajui, kumbe anajua.

Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Urusi ya Kisovieti aliyefariki mwaka 1934 akiwa na miaka 37 tu, alieleza kwamba kuna mambo mtoto anayaweza peke yake, na mengine hayawezi hata akisaidiwa. Katikati yapo anayoyaweza akipata mtu wa kumshika mkono. Hapo katikati ndipo panapoitwa ukanda wa ukuaji wa karibu, na ndipo ufundishaji unapozaa matunda. Mwaka 1976 David Wood, Jerome Bruner na Gail Ross waliufananisha msaada huo na jukwaa la fundi ujenzi: mirunda hufungwa ukuta ukiwa unapanda, hufunguliwa ukuta ukishasimama.

Kwa Vygotsky, mrunda mkubwa kuliko yote ni lugha. Mtoto huanza kwa kusema na watu, kisha maneno yale huingia ndani yakawa fikra zake. Hata anapojifunza lugha ya kigeni hutegemea maana alizokwisha kuzipata kwa lugha ya kwanza. Kwa hiyo kumkataza Kiswahili siku anayoingia sekondari ni kufungua mirunda yote wakati saruji bado mbichi. Na kumvika kibao shingoni kwa sababu amesema Kiswahili, mimi naona ni ukatili.

Jim Cummins, aliyewachunguza watoto wa wahamiaji huko Kanada, alitenganisha lugha ya mazungumzo na lugha ya masomo. Ya kwanza huja kwa takriban miaka miwili. Ya pili huchukua mitano hadi saba, tena kwa watoto wanaoisikia lugha hiyo hadi dukani na uwanjani. Wa kwetu wengi huisikia darasani tu, nasi tunawapa kozi ya wiki chache.

Kiingereza kinafundishika vizuri bila kukitupa Kiswahili. Kwenye somo lile la mmea, vikundi vijadiliane kwanza kwa Kiswahili mpaka hoja ikae sawa. Mwalimu aandike ubaoni maneno sita au saba ya Kiingereza wanayoyahitaji, watunge sentensi ya kwanza pamoja naye, ya pili waitunge wawili wawili, ya tatu kila mmoja peke yake. Wiki inayofuata maneno ya ubaoni yapungue hadi matatu.