Flashi ndogo: kompyuta kusoma 2 TB si ushahidi wa chochote

"Lakini kompyuta imesoma 2 TB." Kauli hii hutolewa kama utetezi na watu walionunua flashi feki, yenye nafasi ndogo kuliko iliyoandikwa, na ambao mafaili yao yameshapotea; imetosha sasa. Kompyuta haipimi flashi. Inaiuliza tu ina nafasi kiasi gani, na chipu ya udhibiti iliyo ndani inajibu namba iliyopangiwa. Mtengenezaji wa flashi feki huchukua kumbukumbu ya 16 au 32 GB, akaipangia chipu ijibu 1 TB au 2 TB, kazi imekwisha. Windows, simu na televisheni zote zitaonyesha namba hiyohiyo, kwa kuwa zote zimeambiwa uongo mmoja.

Siku ya kwanza hutagundua, maana GB za mwanzo ni za kweli. Unanakili, unafungua, kila kitu kipo. Ukishavuka nafasi halisi, flashi haikatai wala haionyi: ama inaitupa data mpya, ama inaiandika juu ya ile ya zamani. Orodha ya majina ya mafaili hukaa mwanzoni, kwenye kumbukumbu ya kweli, ndiyo maana unaona jina, ukubwa na tarehe lakini video haichezi na picha inatoka nusu. Uandishi ukirudi hadi kwenye orodha yenyewe, flashi inaanza kudai ifomatiwe. Data iliyotupwa hairejeshwi na programu yoyote, kwa sababu haikuwahi kuandikwa. Kufomati nako hakutibu. Uongo umo kwenye chipu, na utarudi vilevile.

Dawa ni kuijaza flashi yote kisha kuisoma upya, kabla hujaweka hata faili moja la maana. Kwenye Windows tumia programu ya H2testw: iache flashi tupu, chagua nafasi yote, bonyeza "Write + Verify". Kwenye Linux na Mac ipo programu ya F3: unaanza na amri ya f3write, halafu f3read. Usikatishe njiani na usijaribu GB 5 tu, kwani hizo hata feki inazipita. Flashi ya 128 GB inayoandika MB 20 kwa sekunde itachukua karibu saa 1 na dakika 47 kuandika peke yake. Subiri. Ikishindwa, irudishe ulikoinunua. Usimpe mtu mwingine.

Tofauti ndogo isikutishe, lakini. Flashi ya 64 GB kuonekana 59.6 kwenye Windows ni sawa kabisa: mtengenezaji anahesabu GB kwa bilioni kamili ya baiti, Windows inagawanya kwa 1,024 mara tatu.

Dhana ya pili kwa usumbufu ni kwamba flashi ikiandikwa USB 3.0 basi ina kasi. Namba hiyo inaeleza njia, yaani gigabiti 5 kwa sekunde, haielezi kumbukumbu iliyo mwisho wa njia. USB 3.0, 3.1 Gen 1 na 3.2 Gen 1 ni kitu kimoja kilichobadilishwa jina, kwa hiyo usiongeze pesa kwa ajili ya namba kubwa. Kasi inayotangazwa kwenye pakiti kwa kawaida ni ya kusoma. Ulizia ya kuandika. GB 32 kwa MB 20 kwa sekunde ni kama dakika 27. Kwa MB 150 ni chini ya dakika 4. Mafaili madogo maelfu huenda polepole zaidi. Yafunge kwanza kwenye zipu moja.

Wengine husema flashi fupi kama ukucha ni sawa na ndefu, ila inabebeka zaidi. Si sawa. Joto halina pa kwenda, hivyo kwenye kazi ndefu inachemka na kupunguza kasi. Tena nyingi za aina hii zina kumbukumbu na chipu ya udhibiti ndani ya kipande kimoja; udhibiti ukifa, fundi hawezi kubandua kumbukumbu na kuisoma kando, inabidi aunganishe nyaya nyembamba kwenye vidoa vya shaba, na kazi hiyo ni ghali. Mimi naipendekeza kwa kifaa inachokaa muda wote, kama redio ya gari. Kwa ya kutembea nayo, chukua ya sentimita 4 hivi yenye tundu imara la kamba na isiyo na kifuniko cha kupotea.

Mwili wa chuma haulindi data. Unalinda plagi isivunjike.

Flashi si ghala. Data imehifadhiwa kama chaji ya umeme, nayo huvuja taratibu ikikaa bila kutumika, hasa kwenye joto. Faili lililo kwenye flashi peke yake halina nakala ya akiba.

Na faili la GB 5 likikataliwa wakati nafasi ipo, flashi haijaharibika. Imefomatiwa FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga mafaili, usiopokea faili linalofika GB 4. Hamisha yaliyomo, fomati kwa exFAT, mfumo mpya zaidi usio na kikomo hicho. Kabla ya hapo hakikisha televisheni au redio yako inaisoma exFAT, kwani za zamani nyingi haziisomi. Kwa hizo baki na FAT32 na uigawe video vipande.