Kihenge kimejaa, mtoto amedumaa: kazi ya mtafiti wa jamii Nyanda za Juu Kusini

Swali langu la kwanza kijijini lilikuwa bovu. Nilikuwa bado mwanafunzi, nimekaa kwenye kigoda jikoni kwa mama mmoja wilayani Kilolo, dodoso mapajani. Baada ya salamu ya kamwene na habari za mvua nikauliza: "Mama, mtoto anapata mlo kamili?" Akanijibu, "Anapata, mwanangu." Nyumba ya pili, anapata. Nyumba ya kumi na mbili, anapata. Jioni msimamizi wangu akazipitia karatasi, akacheka, akaniambia kesho nirudi na swali moja tu: jana, tangu mtoto aamke hadi alale, alikula nini na nini?

Kesho yake mambo yakawa mengine. Asubuhi uji wa sembe. Mchana ugali na mchuzi wa maharage. Jioni ugali tena, na kunyonya katikati. Ukihesabu kwa makundi manane ya vyakula tunayotumia, maziwa ya mama yakiwemo, unapata matatu: nafaka, kunde na ziwa la mama. Mtoto wa miezi 6 hadi 23 anatakiwa afikishe angalau matano kwa siku. Na pale pale jikoni palikuwa na kikapu cha mayai, yanasubiri siku ya gulio.

Hakuna aliyenidanganya. Nani atamwambia mgeni mwenye kalamu kwamba mwanawe hali vizuri?

Nimeanza na aibu yangu hiyo kwa sababu sisi tunaofundisha sosholojia na maendeleo ya jamii hapa Iringa huulizwa mara kwa mara kazi yetu hasa ni ipi. Daktari anatibu, injinia anajenga daraja, nyie mnauliza maswali tu. Ni kweli, tunauliza maswali. Ila swali likikosewa, fedha za umma huenda kutibu ugonjwa ambao haupo.

Chukua udumavu, yaani mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake unavyotaka. Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa kitaifa asilimia 30 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa. Iringa ni asilimia 56.9, Njombe 50.4, Rukwa 49.8. Hii ndiyo mikoa inayolisha wengine, kwa mahindi, maharage, viazi, na sasa parachichi. Wapo wanaosema watu wa huku ni wafupi wa asili. Vipimo vya kimataifa vya ukuaji wa watoto vinavyotumika tangu 2006 vilitokana na watoto wa nchi sita, zikiwemo Ghana, India na Norway, na ilionekana kuwa watoto wadogo waliolishwa na kutunzwa vizuri hurefuka karibu sawa popote walipo. Kwa hiyo asili tuiache kidogo.

Takwimu zile zinakuonyesha moto unawaka wapi. Nani aliuwasha, hazisemi.

Hapo ndipo mtafiti wa jamii anapoingia, na hapa Iringa jambo hili lina historia yake. Mwaka 1983 serikali, pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, ilianzisha mpango wa lishe katika vijiji 168 vya mkoa huu, wakati huo Njombe ikiwa bado ndani yake. Wanakijiji wenyewe walipima watoto, wakajadili kwa nini huyu amepungua uzito, wakaamua la kufanya, kisha wakapima tena. Kutokana na uzoefu huo ikajengeka ile namna ya kufikiri ambayo UNICEF iliipitisha mwaka 1990 na dunia nzima ikaifuata: mtoto hadhoofiki kwa kukosa chakula pekee. Kuna maradhi, kuna matunzo, kuna maji na huduma za afya, na chini ya yote kuna nani mwenye mali na nani mwenye sauti. Kwamba mkoa ulioifundisha dunia hayo ndio wenye kiwango kikubwa cha udumavu kuliko mikoa yote mwaka 2022, mimi binafsi linaniuma.

Rudi sasa kwenye kile kikapu cha mayai. Mhadhara wa "wapeni watoto mayai" mama yule ameshausikia kliniki, anaweza hata kuukariri. Lakini hela ya mayai ndiyo inayonunua sabuni na daftari. Kuku wa kuchinja anaamuliwa na baba. Mahindi yakishavunwa, gunia lipi liuzwe na lipi libaki kihengeni linaamuliwa na baba pia. Kuanzia Novemba mvua inaponyesha, mama anatoka alfajiri kwenda shambani au kwenye kibarua, mtoto anabaki na bibi au dada yake wa miaka minane, na uji uliopikwa mara moja unashinda kutwa. Ukimwita mama huyo mjinga wa lishe umemkosea, na tena hujasaidia kitu. Anachokosa ni muda na kauli.

Mfano mwingine ni wa tohara ya wanaume. Majaribio yaliyofanyika Afrika Kusini, Kenya na Uganda, majibu yake yakitoka kati ya 2005 na 2007, yalionyesha kuwa tohara inapunguza uwezekano wa mwanamume kuambukizwa VVU na mwanamke kwa takriban asilimia 60. Huduma ikaletwa Iringa na Njombe, bure. Vijana wadogo wakafurika, watu wazima wakakaa pembeni. Watafiti walipoketi nao wakasikia mengine kabisa: baba mwenye watoto anaona haya kupanga foleni na watoto, tena mbele ya nesi wa umri wa binti yake, na kidonda, kwa imani ya wengi, hupona upesi wakati wa baridi. Kampeni zikapangwa Juni hadi Agosti, mavuno yakiwa yameingia, na ikashauriwa wakubwa watengewe nafasi yao. Safari haijaisha: utafiti wa 2022/23 uliikuta Njombe na maambukizi ya asilimia 12.7 kwa watu wazima, wakati kitaifa ni 4.4.

Tuna dhambi yetu pia, niseme wazi. Wengi wetu huja, tukajaza madodoso, tukapata shahada, kijiji kisituone tena. Mwenyeji ana haki ya kukataa kuhojiwa, kumuuliza mtendaji wa kijiji kama tuna kibali, na kudai mrejesho, yaani turudi kumwonyesha tulichokipata.

Kwenye mrejesho mmoja nilionyesha jedwali langu la nani anapika na nani anamlisha mtoto. Bibi mmoja akanyanyua mkono kutoka nyuma: "Mwalimu, mbona hamkuuliza nani anabeba kuni?" Sikuwa na jibu. Sasa kila ninapoandaa dodoso, swali lake naliweka ukurasa wa kwanza.